Siku ya Kuanika Ngoma

Kila kiangazi, mtama ukishapurwa na uwele ukishaingia vilindoni, yale mapipa ya magome ya kuwekea nafaka, wanawake wa ukoo nilioolewa walitoa ngoma zao nje na kuzianika juani. Siku yenyewe haikupangwa mapema. Mama mkwe wangu alipanda juu ya paa la tembe asubuhi, akasimama akiuelekezea upepo uso wake, na aliposhuka alisema ngoma zitatoka keshokutwa, au alisema bado. Hakuna aliyebishana naye. Yeye ndiye aliyekuwa mtunza ngoma, kama mama mkwe wake alivyokuwa kabla yake.

Ninayoyaeleza ni ya wakati wa Wadachi, miaka ile ambayo reli ilikuwa inasogea kutoka pwani na Dodoma palikuwa na mahema ya wajenzi, maduka machache ya Wahindi na vumbi jingi. Sisi tulikaa Ipagala. Mimi nilitoka milima ya Kondoa. Mume wangu alikuwa Mgogo aliyesilimu akiwa mpagazi wa misafara, na baba yangu, aliyekuwa akiuza asali na tumbaku, alimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi. Baada ya kunioa alikwenda kufyeka njia ya reli, na nyumbani nikabaki na mama yake. Kigogo nilikuwa nakisikia nusu nusu. Kwa hiyo mama mkwe alinieleza kila jambo kwa Kiswahili chake cha misafara, polepole na kwa sauti kubwa, kama anayesema na mtu aliye ng'ambo ya mto. Ndiyo sababu nayajua mambo ambayo wengine waliozaliwa pale hawakuwahi kuelezwa, maana walidhaniwa wanayajua.

Ngoma zenyewe ni zile zinazoitwa muheme. Kwa Wagogo hupigwa na wanawake, kila mmoja ameibana yake kati ya mapaja. Nyingine zilikuwa mpya, nyingine zilikuwa na umri wa watu wazima, na moja, ile kubwa, hakuna aliyejua umri wake. Ilikuwa na alama nyeusi ya moto ubavuni, upana wa kiganja. Zote zilikuwa zinaning'inizwa katika chumba cha ndani, juu ya moshi, na siku ya kuanika zilitolewa moja moja na kulazwa juu ya ngozi za ng'ombe uani.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza masizi yalifutwa. Kisha ngoma ilichunguzwa kama ina mchwa. Kisha kamba zilikazwa, na mwisho ngozi ilipakwa samli kwa mkono, kuanzia katikati kwenda pembeni. Wakati mkono unapaka, mdomo ulikuwa unasema. Kila ngoma ilikuwa na kipande chake cha njia, yaani safari ya ukoo tangu ulikotoka: walishuka kutoka milima ya upande wa Wahehe, wakavuka mto, wakakaa Gulwe mpaka mvua ilipowakatalia, wakamzika pale mama wa watu wote wanaotajwa baadaye, wakapanda tena juu, wakafika penye chumvi, wakanyimwa maji, wakaendelea, wakafika Ipagala wakakuta pori. Aliyekosea jina la mahali, au aliyeruka kaburi, alifuta samli yote na kuanza upya. Nimeona mwanamke mzima akianza upya mpaka jua linazama, na wenzake wamekaa wanamngoja bila kumcheka.

Jambo moja lilinishangaza tangu mwaka wa kwanza. Wanawake wale wote walikuwa wameolewa pale. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa katika ukoo ule, na bado wao ndio waliobeba safari yake yote vichwani. Nilipomwuliza mama mkwe, alisema wanaume wa ukoo wanajua walikofika na inawatosha.

Ngoma kubwa ndiyo iliyobeba mwanzo wa njia, milima mpaka Gulwe, na ile alama ya moto ilisemwa kuwa ni ya kambi ya Gulwe. Kipande hicho alikijua mama mkwe peke yake. Alikuwa ameanza kunifundisha mimi.

Mwaka ninaousema, kabla ya kuanika, alikuja nyumbani jumbe wetu. Alikuwa mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, na kwa desturi ya kule sikutakiwa kukaa naye wala kusema naye uso kwa uso, kwa hiyo niliingia ndani nikawasikiliza kupitia ukuta. Alikohoa, akasema:

"Shemeji, ile ngoma kubwa inatakiwa bomani."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Bwana mkubwa anataka kuipeleka kwao. Wana nyumba huko ya kuwekea vitu vya kale."

"Vya kale vyao vimekwisha?"

Jumbe hakucheka. Alieleza kwamba bwana wa boma aliwaita majumbe wote akawauliza nani ana kitu cha zamani kweli. Wenzake walitazama chini. Yeye, kwa kutaka kuonekana, alitaja ngoma yenye alama ya moto iliyotoka mbali kuliko kumbukumbu za watu. Bwana alifurahi mno akamshika mkono. Sasa askari angekuja kuichukua, na kama isingekuwepo, kile kiboko kilichokuwa kinalala juu ya meza ya bwana kingeamka. Nilimsikia akishusha sauti. Alikuwa mtu mwenye majivuno, lakini siku ile alikuwa anaogopa kweli.

Mama mkwe hakumkatalia. Alisema ngoma haiwezi kutoka na mchwa ndani yake, itakuwa aibu kwake na kwa bwana. Ianikwe kwanza, na siku inayofuata askari aje. Jumbe aliona maneno hayo ni mazuri, akanywa uji, akaenda.

Baada ya yeye kuondoka, mama mkwe alipanda juu ya paa ingawa jua lilikuwa limeshapita utosini. Aliposhuka alijaza samli katika kibuyu, akanituma Chimwaga kwa mtani wake.

Hapa lazima nieleze utani. Ukoo wetu na ukoo mmoja wa Chimwaga walikuwa watani tangu zamani. Watani wanatukanana bila kuumizana. Wanakuja kwenye msiba wakiwa wanacheka, wanawamwagia maji wenye kulia, wananyakua chungu na kukimbia nacho. Kwenye kuanika walikuwa na haki ya kuchukua kitu kimoja kilichokuwa nje uani, wakaenda nacho kwao, na wenye kitu wakakifuata baada ya siku chache na mbuzi, pombe na matusi ya kutosha, wakakikomboa. Kuingia ndani ya nyumba na kuchukua, huo ulikuwa wizi. Kuchukua cha uani ulikuwa utani. Na sharti moja lilishinda mengine yote: asikasirike mtu. Anayemkasirikia mtani kwa ajili ya kitu kilichochukuliwa amekipoteza, hakikombolewi tena. Ndiyo maana, mambo yakianza kuwa makali, mtani humwuliza mwenzake mbele ya watu kama amekasirika, ili kumpa nafasi ya kujirudi.

Mtani wa mama mkwe alikuwa mjane mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Nilimkuta anatwanga. Nilimwamkia kwa mbukwa, salamu ya Kigogo, kwa lafudhi yangu ya Kondoa, akaicheka, kisha nikampa kibuyu na salamu kama nilivyotumwa: keshokutwa tunaanika, na mwaka huu ngoma kubwa itawekwa karibu na mlango wa ua, kwa kuwa ndani mchwa wamezidi.

Alinusa kibuyu. "Samli yenu imechacha kama nyinyi wenyewe," alisema, na akaimimina yote katika chungu chake. Alipokuwa ananirudishia kibuyu aliuliza, "Karibu na mlango?"

Nikasema ndiyo.

"Mwambie mwizi mwenzangu nimesikia."

Mimi nilidhani ni salamu tu.

Siku ya kuanika watani walikuja wakati ambao huwa wanakuja, samli ikiwa bado mbichi juu ya ngozi. Mjane alisimama mlangoni akasikiliza njia ikisemwa, kisha akasema kwa sauti ya kusikika mpaka zizini kwamba njia yetu ni ndefu kwa sababu tulifukuzwa kila mahali. Mama mkwe, bila kuinua kichwa, alijibu kwamba afadhali aliyefukuzwa, ana pa kutaja. Wapo waliokaa hapohapo kwa sababu hakuna aliyejua kama wapo. Wanawake walicheka. Katikati ya kicheko hicho ngoma kubwa ilikuwa imeshaondoka. Niliona mgongo wa kijana wa kike mwenye nguvu ukiteremka bondeni, na ngoma juu yake. Hakuna aliyemfuata. Mama mkwe aliendelea kupaka ngoma iliyokuwa mbele yake, na hakukosea hata jina moja.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya mchwa.

Kesho yake askari alifika. Alikuwa Mnyamwezi, mtu mzima, mwenye viatu ambavyo alivivua mara tu alipokaa. Mama mkwe alimweleza ukweli mtupu: ngoma ilikuwepo, imechukuliwa na watani. Yule askari alicheka mpaka akaegemeza bunduki ukutani. Alisema yeye mwenyewe ni mtani wa Wagogo wote tangu enzi za misafara, na kumnyang'anya mtani kitu cha utani ni jambo ambalo hata serikali haijamwagiza. Alikula ugali na mlenda, akaomba tena mlenda, akavaa viatu vyake akaenda kumwambia jumbe.

Mpango wa mama mkwe ulikuwa mwepesi. Ngoma ikae Chimwaga mpaka bwana wa boma achoke au ahamishwe, maana walikuwa wanahamishwa mara kwa mara, kisha aende na mbuzi wake akaikomboe. Kama jumbe angekaa kimya, yangeishia hapo.

Lakini jumbe hakuweza kukaa kimya. Yaliyotokea Chimwaga sikuyaona. Nilielezwa baadaye na watu wa pande zote mbili, na maelezo yao yalilingana. Aliingia ua wa mjane bila kumsalimu mtu. Alisimama na kofia yake nyekundu kichwani, akasema ngoma itoke. Walimkaribisha kwa matusi ya kawaida, wakamwambia akae, pombe inachujwa. Akainua fimbo yake. Akataja boma, minyororo na kiboko.

Mjane alimwuliza, "Umekasirika, mtani?"

"Nimekasirika."

Watu walitazamana. Jumbe alizaliwa ndani ya utani huo. Alishanyakua vyungu vya watu misibani na kukimbia navyo akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Hakuna aliyeamini kwamba amesahau. Mjane akamwuliza tena, kwa upole, kama unavyomwamsha mtu aliyelala mahali pabaya.

"Baba, sema vizuri. Umekasirika?"

"Nimekasirika, na ngoma naitaka sasa hivi."

"Basi imekuwa yetu," alisema mjane. Wanasema aliyatamka maneno hayo bila furaha yoyote.

Mimi ndiye niliyempelekea mama mkwe habari hiyo. Alikuwa anapepeta uwele. Aliuliza jumbe alijibu nini, nikamwambia. Aliuliza kama aliulizwa mara ya pili, nikamwambia na hilo. Aliweka ungo chini.

"Nilitaka ifichwe," alisema. "Sikutaka ihame."

Kwa jumbe mambo yalikuwa mepesi kuliko alivyoogopa. Alichukua ngoma mpya, iliyochongwa mwaka uleule, akaitundika juu ya moshi wa mafuta ya mbuzi, akaunguza ubavu wake kwa chuma cha moto, akaipeleka bomani. Bwana aliishika kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Aliuliza maswali mengi kupitia kwa mkalimani na akaandika majibu yote. Kama ipo mpaka leo katika nyumba ile ya vitu vya kale, watu wanaiangalia kwa heshima. Mimi naikumbuka ikiwa bado inanuka mbuzi.

Kiangazi kilichofuata tulianika bila ngoma kubwa. Ngozi ya ng'ombe ya kuilazia ilitandikwa mahali pake, tupu. Mama mkwe alikaa mbele yake, mikono mapajani, akaanza mwanzo wa njia. Milima ilitoka vizuri. Alipokaribia mto alipunguza mwendo. Akataja mahali pamoja mara mbili. Alipofika Gulwe alisimama. Mkono wake wa kulia ulikuwa unazunguka hewani juu ya ngozi tupu, ukitafuta alama ya moto, maana hapo ndipo mkono ulipokuwa ukifika kila mwaka maneno ya Gulwe yalipotoka. Tulingoja. Mwanamke aliyekuwa na ngoma ya pili hakuthubutu kuanza, kwa sababu ya kwanza haijaisha.

Jioni aliniambia, "Mwaka ujao nitakuwa nimesahau na mto. Na wewe hujakishika bado kipande changu."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekiona kipande kile kikipakwa na kusemwa mara chache mno. Akipotea yeye, mwanzo wa njia ungepotea naye, na ukoo mzima ungeanzia katikati ya safari.

Kukomboa hakukuwezekana tena. Kununua ingekuwa matusi yasiyo ya utani. Ilibaki haki moja: kama wao wanaweza kunyakua kwetu, na sisi tunaweza kunyakua kwao. Lakini cha kunyakuliwa lazima kiwe uani, na watani wa Chimwaga hawakuwa na siku ya kuanika. Walikuwa na vitu vichache, kila kimoja katika chumba cha mwenyewe, na ngoma yetu iliwekwa ndani ya chumba cha mjane nyuma ya vilindo. Mama mkwe alifikiri jambo hili kwa siku kadhaa. Kisha akachukua fimbo yake ya kutembelea, akaniambia twende.

Tulimkuta mjane kivulini anasuka kamba.

"Mtani," mama mkwe alimwambia baada ya matusi ya kukaribishana, "hivi nyinyi kiangazi mnaanika nini?"

"Tunaanika uwele."

"Na kingine?"

"Tuna ngoma moja ya wizi. Haipendi jua."

"Ukoo mzima hauna kitu cha kuanika. Wala njia hamna."

Mjane alisema njia ya kwao ni fupi, walizaliwa palepale. Mama mkwe akamwambia hakuna aliyezaliwa palepale, hata mchwa walitoka mahali. Waliendelea hivyo mpaka nikaanza kusinzia. Nilipozinduka, mjane alikuwa anasema, kwa sauti nyingine kabisa, kwamba bibi yake alikuwa na jembe lisilo na mpini ambalo halikulimiwa kamwe, na kwamba alikuwa analitazama akisema maneno fulani kuhusu ziwa la chumvi. Maneno yenyewe hayakumbuki yote. Labda dada yake anayakumbuka.

"Dada yako yuko wapi?" aliuliza mama mkwe, na alikuwa ameshasimama.

Tangu siku hiyo tulikwenda Chimwaga mara nyingi, kiangazi chote na baadaye mvua zilipoachia nafasi. Mama mkwe aliingia nyumba kwa nyumba. Dada wa mjane alitoa ziwa la chumvi na vita viwili. Bibi mmoja kipofu alikuwa na kigoda, na njia kutoka ziwani mpaka mlima ambao hakuna aliyeujua, mpaka mchunga ng'ombe mmoja akasema anaujua, ila siku hizi unaitwa jina lingine. Zilipatikana bangili za chuma, na kengele ya dume la ng'ombe. Kila kitu kilipopatikana, mama mkwe alikiweka mkononi mwa mwanamke mmoja na kumwambia: hiki kinasema kuanzia hapa mpaka hapa. Akamfundisha kupaka na kusema. Akikosea, anafuta, anaanza upya.

Alikuwa mkali kwao kama alivyokuwa mkali kwetu. Safari moja tulikuwa tunarudi, amefurahi sana kwa sababu kaburi moja lililokuwa limekosa mwenyewe limepata jina. Nikamwuliza, "Mama, tunakwenda kule kuchukua ngoma au kuwapelekea?"

"Tembea," alisema.

Katika miezi hiyo reli ilifika. Wanawake wa Ipagala na wa Chimwaga tulikwenda pamoja kuliona gari la moshi likiingia Dodoma. Mume wangu alikuwemo katika behewa la wafanyakazi, ameungua jua mpaka sikumtambua, na alituambia kwamba asubuhi walikuwa Gulwe. Mjane alishika kiuno.

"Kumbe," alisema, "ile njia yenu yote, vizazi na vizazi, ni safari ya kutwa moja."

Mama mkwe aliendelea kuangalia magurudumu. "Gari hili halikuzika mtu Gulwe," alisema.

Mjane aliushusha mkono wake kiunoni. Walisimama pale bega kwa bega mpaka moshi ukaisha.

Kiangazi kilichofuata mama mkwe alipanda juu ya paa, akashuka, akatuma ujumbe Chimwaga kwamba upepo ni mzuri. Wao waanike kwanza, sisi tutafuata.

Tulifika jua likiwa halijapanda sana. Ua wa mjane ulikuwa umefagiwa na ngozi zimetandikwa. Katikati palikuwa na jembe lisilo na mpini, kigoda, bangili na kengele, na nyuma ya kila kitu mwanamke na kibuyu cha samli. Ngoma yetu haikuwa pale katikati. Nilitafuta kwa macho nikaiona karibu na mlango wa ua, peke yake, juu ya ngozi yake. Ilikuwa imefutwa masizi. Ilikuwa imefungwa mkanda mpya wa kubebea, wa ngozi ya ng'ombe iliyolainishwa kwa samli mpaka inang'aa.

Najua mama mkwe aliuona mkanda ule, kwa sababu alisimama. Kisha akaenda kukaa mahali alipoonyeshwa, akaigeuzia ngoma mgongo, akasikiliza.

Walianza kwa jembe. Walisema kutoka ziwani mpaka mlimani na kutoka mlimani mpaka Chimwaga. Mwenye kengele aliruka mahali pamoja; mama mkwe akakohoa kidogo; mwanamke yule akafuta samli, akaanza upya, na watu wa ukoo wake wakamngoja kama sisi tulivyozoea kuwangoja wetu. Wanaume walikuwa wamesimama kuzunguka ua. Wengine walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza watu wao walikotoka. Mzee mmoja aliomba kipande cha kigoda kirudiwe, na kikarudiwa.

Mama mkwe hakuondoka mpaka yote yalipokwisha. Hapo akainuka, akaenda mlangoni bila haraka, akainama akashika mkanda. Alijaribu kuinua, mgongo ukakataa. Akaniita. Nilipojitwisha ngoma niligundua kwamba mkanda ule ulikuwa mrefu. Usingemfaa yeye, aliyekuwa ameshainama kwa umri. Ulikuwa umepimwa kwa mtu wa kimo changu.

Ua wote ulikuwa unatutazama. Mama mkwe aligeuka, akamtazama mjane, na akamwuliza kwa sauti iliyosikika na kila mtu:

"Umekasirika, mtani?"

Mjane alikuwa amekaa na mikono yenye samli. Alichukua muda kuipangusa.

"Nimekasirika," alisema.

Mtu mmoja alianza kucheka, akanyamazishwa. Mama mkwe alingoja kidogo, kisha akamwuliza tena kama inavyotakiwa, kwa upole, ili kumpa nafasi ya kujirudi.

"Sema vizuri, mama. Umekasirika?"

"Nimekasirika sana," alisema mjane. "Toka kwangu."

"Basi imekuwa yetu."

Ndipo kicheko kilipopasuka, na kilitufuata mpaka bondeni. Matusi ya mjane yalisikika juu ya kicheko hicho, na sauti ile tuliisikia muda mrefu baada ya maneno kupotea.

Mama mkwe alitembea nyuma yangu. Baada ya kuvuka korongo nilihisi mkono wake umeshika ubavu wa ngoma, na vidole vyake vikitembea mpaka kwenye alama ya moto. Akaanza kusema njia tangu mwanzo. Aliitaja milima yote. Aliutaja mto. Alipofika Gulwe hakusimama, na mimi nilikuwa namfuata jina kwa jina.